Kuitafuta Enchera ya Kweli, Kutoka Kisii Hadi Nyaramba

Kilichonitoa Voi ni ubishi. Tulikuwa walimu wanne tuliozoea kukutana kila Jumapili kusikiliza santuri kwa mwenzetu mwenye gramafoni, na mwaka ule tulikuwa tumegawanyika vibaya juu ya bendi moja ya Wakisii iitwayo Enchera, jina ambalo kwa lugha yao ni njia. Bendi hiyo ilianza kabla ya uhuru, na ilikuwa imebadilika mara mbili kiasi cha kumfanya mtu adhani ni bendi tatu. Enchera ya kwanza ilikuwa ya obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma hadi ukakisikia tumboni. Ya pili ilikuwa ya magitaa ya umeme na nyimbo fupi tamu za kucheza twisti. Ya tatu, hii ya siku zile, ilikuwa na ogani, na wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri, ukikimbia, ukisimama, ukibadilisha mapigo kabla hujayazoea. Mimi nilikuwa wa ile ya kwanza. Hiyo ya tatu nilikuwa naiita ajali ya barabarani, na nilisema hivyo mbele za watu.

Likizo ya Aprili ilipofika, katikati ya miaka ya sabini, wenzangu wakaniambia nipunguze maneno, niende Kisii nikawaulize wenyewe ipi ndiyo Enchera. Walidhani nitaona uvivu. Nikaazima redio kaseti, nikafunga nguo zangu chache, nikaenda stesheni.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa Kisii mjini. Treni ilinifikisha Nairobi, nyingine ikanifikisha Kisumu, kisha basi likapanda kupitia Oyugis mpaka hewa ikawa ya baridi na pande zote mbili za barabara zikawa migomba mitupu. Sisi watu wa nchi kavu tunashangaa kuona mlima uliolimwa hadi kileleni. Nilishangaa kweli, kisha nikaulizia duka la Onchiri, fundi wa redio, aliyekuwa mpiga gitaa wa Enchera ya pili.

Nilimkuta ameinamia redio iliyofumuliwa, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Nilipomweleza shida yangu aliiweka bisibisi chini, akanisalimu kwa Kikisii.

"Bwakire, mwalimu. Umetoka Voi juu ya muziki tu? Basi wewe ni mgonjwa kama sisi."

Akanipigia santuri zote, za zamani na za kati, moja baada ya nyingine. Nikajigamba kwamba ile ya kwanza ilikuwa safi kwa sababu nyimbo zilikuwa fupi na zenye adabu. Akacheka mpaka akafuta macho.

"Nani alikuambia zilikuwa fupi? Mzee Makori, yule alianzisha bendi, kwa harusi alikuwa anapiga wimbo moja kutoka asubuhi mpaka watu wanakula. Huko Nairobi, fundi wa kurekodi alikuwa anainua mkono. Dakika tatu ikiisha, mkono juu, nyinyi nyamaza. Huyo mzee alichukia hiyo mkono mono, sana kabisa. Sisi vijana tukaizoea. Tukatunga nyimbo za kutosha hiyo mkono."

Miaka yote ile nilikuwa nikisifu kitu kilichokatwa nikidhani kilizaliwa hivyo.

Ndipo akanipa habari iliyokuwa nzito kuliko ubishi wetu. Mzee Makori, mwanzilishi, aliokoka akawa Msabato, akaacha bendi mikononi mwa Onchiri, na baadaye mwanawe, Ogeto, akaichukua. Sasa Ogeto alikuwa ameitwa Nairobi kurekodi santuri mpya, na alikuwa ameamua kuliacha jina la Enchera.

"Anasema jina ni ya baba yake, na baba hajawahi kumwambia kama hii muziki ni ya Enchera ama ni ya nani," alisema Onchiri. "Ataambiwaje, na mzee hajawahi kuisikia? Sasa sikio moja ya mzee imekufa. Hiyo ingine iko njiani. Mwaka ujao hata ukimpigia, utakuwa unapigia mti."

Mchana wa siku iliyofuata nilifika Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Bendi ilikuwa ikifanyia mazoezi katika ghala la mahindi lililokodiwa, na mwenye ghala alikuwa na jenereta. Ogeto alikuwa mtu mwembamba wa miaka inayokaribia thelathini, mpole, anayeongea akitazama chini. Alinieleza kwamba zamani akiwa mwanafunzi, mwalimu mmoja Mzungu aliporudi kwao alimwachia santuri za vijana wa Kiingereza wanaopiga nyimbo ndefu kama safari. Akazisikiliza mpaka zikachakaa.

"Watu wanasema niliiga Wazungu," alisema. "Mimi niliposikia hizo santuri, nilifikiria harusi. Nilifikiria tata akipiga na mimi nimelala kwa mgongo ya mama."

Tata ni baba. Kisha wakapiga. Ningependa kuandika kwamba sikuguswa, maana nilikuwa nimejiandaa nisiguswe. Ogani ilianza chini, ikinguruma, mkono wa kushoto ukirudia jambo moja bila kuchoka huku wa kulia ukizungukazunguka, na nilipoacha kuhesabu mapigo nikatambua kwamba ule mkono wa kushoto naujua. Ulikuwa obokano. Ningeweza kuuimba usingizini. Sikumwambia, niliona haya kukubali upesi hivyo.

Nilimuuliza kwa nini hampigii baba yake nyumbani Nyaramba, kwani nyumba zao zimo katika boma moja. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hatembei uchi.

"Hii ni nyimbo ya mapenzi, mwalimu. Siwezi kuimba hiyo maneno tata akisikia. Na vyombo vikikaa kwa nyumba yangu, yeye hawezi kuingia. Baba haingii nyumba ya kijana yake ameoa. Ndiyo maana nilileta kila kitu huku." Akaitazama redio kaseti yangu. "Lakini wewe ni mgeni. Mgeni anaweza kufanya kitu mimi siwezi. Mpelekee kaseti."

Ijumaa asubuhi nilikuwa Nyaramba, kaseti mfukoni, nikijiona balozi. Boma la Mzee Makori lilikuwa kwenye mteremko: nyumba yake juu, ya Ogeto chini, na majani ya chai katikati. Alinipokea kwa mikono miwili, mzee mrefu aliyekaza shingo kunielekezea sikio lake zima. Mkewe, Mama Bosibori, akatuwekea ugali wa wimbi na mboga. Kerubo, mke wa Ogeto, alikuwa akiingia na kutoka akileta maji na chai. Nilisema ninayo zawadi kutoka kwa mwanawe, nikabonyeza kitufe.

Mzee aliinama juu ya redio. Dakika za kwanza hakusogea. Kisha Ogeto akaanza kuimba, akimwomba mpenzi wake asogee karibu kwa sababu blanketi ni moja, na mzee akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje bila kusema neno.

Niseme ukweli: sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijiambia, haya, mwenye bendi ameikataa ajali ya barabarani, na wenzangu wa Voi watanitambua. Furaha hiyo haikudumu. Nilipogeuka nilimwona Kerubo amejifunika uso kwa kanga, na Mama Bosibori ameshika kiuno.

"Mwalimu! Unapigia mzee maneno ya blanketi, na mke wa kijana yake amesimama hapo?"

Akanieleza kwamba kwao kuna heshima iitwayo chinsoni, ya baba na mwana, na ya mkwe na baba mkwe, na kwamba mambo ya chumbani hayasikilizwi kwa pamoja na hao. Mzee angebaki ameketi, angekuwa amemvua nguo mkwewe. Nilitamani kuingia chini ya meza. Redio nayo ilikuwa ingali inaimba, maana nilisahau kuizima.

Nilimkuta mzee kwenye chai yake, aking'oa magugu yasiyokuwepo. Nikaomba radhi. Akazipokea haraka, kama mtu mwenye neno lingine kooni.

"Hiyo redio yako ni ndogo. Nilisikia kishindo tu, na hayo maneno," alisema. "Nikuulize, mgeni. Miaka nane kijana wangu anabeba vyombo anapita hapa, anaenda kupigia watu wa Sironga. Ananionea aibu? Kwa sababu nilikuwa mpiga obokano wa kijijini?"

Uchungu ulinishika. Nikamwambia yote: kwamba Ogeto aliupeleka muziki mbali kwa kumheshimu, kwamba anasubiri neno lake, kwamba bila neno hilo jina la Enchera litaachwa kabla ya mwezi kwisha. Mzee aling'oa jani moja zuri la chai, akalitupa.

"Sisi wawili ni wajinga," alisema. "Mwambie alete vyombo Jumapili. Maneno ayaache Sironga."

Jumamosi ilikuwa Sabato, na katika boma lile hakuna aliyegusa kitu.

Jumapili mchana pikapu ilikuja na vyombo, jenereta, Ogeto, mpiga ngoma wake na Onchiri aliyefunga duka kwa ajili hiyo. Mpango ulikuwa kupiga uani kwa mzee. Lakini mvua ya huko huja na saa yake. Saa nane kamili ilimwagika, pikapu ikaserereka kwenye matope, ikakwama nje ya nyumba ya Ogeto na kukataa kupanda. Ogani haiwezi kunyeshewa. Ilibidi iingizwe ndani humo, katika nyumba pekee ya boma ambayo mzee hangeweza kuikanyaga.

Ogeto alisimama mlangoni akitiririka maji. "Basi, imeshindikana," aliniambia.

Mzee hakuuliza mtu. Aliteremka katikati ya chai na gunia kichwani, kigoda mkononi, akakiweka chini ya ukingo wa paa, nje, akaegemeza bega kwenye ukuta wa udongo wa nyumba ya mwanawe. Kisha akabandika kiganja ukutani.

"Wapige," aliniambia.

Nilisimama naye. Ndani ogani ilianza kunguruma, na ukuta ukatetemeka, nami nikabandika kiganja changu pia. Hakuna aliyeimba. Mvua ilitulowesha miguu, na wimbo ukaenda, ukapinda, ukasimama, ukarudi, na katikati ya mwendo wake vidole vya mkono mwingine wa mzee vilianza kufanya kazi juu ya goti, vikichuma nyuzi ambazo hazikuwepo. Ulipokwisha hakuondoa kiganja ukutani. Nilidhani hajui kwamba umekwisha.

"Nenda umwambie," alisema, "mpiga ngoma anaharakisha hapo katikati. Na yeye badala ya kumshika anamfuata. Amemwachia kama mtoto wa jana."

Niliingia ndani. Miaka nane ya kungoja, na neno lenyewe likawa lawama! Nilifikiria kulitia sukari, lakini Ogeto alikuwa amenitolea macho, nikamwambia kama lilivyosemwa. Aliketi juu ya spika, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika.

Nilimgeukia Onchiri aniokoe. Yeye alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Mwalimu, usiogope. Nimepiga na huyo mzee miaka tisa. Bendi ingine ikipiga, hata ikipiga mbaya, anawaambia nzuri mono, na anaenda zake. Kukosoa, huyo hukosoa watu wa Enchera peke yake."

Nje sauti ya mzee ilipaa juu ya mvua. "Mbona mmenyamaza? Rudieni hapo katikati!"

Wakarudia. Wakarudia tena. Kila mara nilitumwa na lawama mpya, mlango hadi ukuta, hadi nguo zangu zikaloa zote, na kila mara Ogeto aliipokea akisema, "Ndiyo, tata," kwa sauti ambayo baba yake hangeweza kuisikia.

Jumanne nilikuwa tena kwenye treni, nikirudi nyumbani. Wenzangu wa Voi waliniuliza ipi ndiyo Enchera ya kweli, na niliwaambia niliyojifunza: kwamba nilikuwa hodari wa kupanga vipindi vya bendi kama madarasa ya shule, na waliomo ndani yake wanajua ni wimbo mmoja tu, uliokatwa na mkono wa fundi halafu ukaungwa tena. Hawakuniamini sana. Baada ya miezi kadhaa santuri mpya ikafika dukani, na jina la Enchera limeandikwa kubwa juu ya jalada. Tuliiweka kwenye gramafoni, na nikawaomba wanyamaze ikifika katikati. Ngoma ilikuwa imetulia, haikimbii popote.