Alifukuzwa kwa Kusema Nati Haikukazwa

Saa tatu asubuhi, miguu miwili yenye viatu vilivyolowa oili imechomoza chini ya gari dogo jeupe. Mwenye gari anazunguka huku na huku, simu mkononi.

"Fundi, si umeshafunga? Nishushie niende zangu."

"Nimeshikiza tu, kaka. Kufunga bado," inajibu sauti ya mwanamke kutoka mvunguni.

Anatoka, anashusha gari juu ya mbao nne nene ili uzito wote ukae kwenye magurudumu, kisha anajipenyeza tena na spana ndefu. Amebadilisha shokapu za nyuma, zile zinazozuia gari lisidunde. Boliti ya chini, anasema, hukazwa mwisho gari likiwa limejibeba lenyewe. Ukikaza likining'inia, raba zake hujisokota na kuchanika mapema.

"Dakika kumi tu," anasema. "Watu wanagombania dakika kumi!"

Ana miaka arobaini na mitatu, na mafundi wenzake walimbandika jina la Bi Kaza. Lilikuwa jina la kumcheka.

Kwa miaka tisa alifanya kazi kwenye gereji kubwa. Siku moja mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta gari, akafungiwa shokapu mpya na fundi mwingine aliyekuwa na magari sita yakimngoja. Siku ya nne, shokapu ya kushoto ilichomoka chini, ikapasua tairi. Gari liliingia mtaroni. Mwalimu alivunjika mguu sehemu mbili.

Gari lilipovutwa hadi gereji, bosi alilitazama kwa mbali akatangaza kwamba mwalimu huyo hajui kuendesha.

Bi Kaza hakutazama kwa mbali. Alilala chini na tochi.

"Boliti ingekatika, ningeona kipande kimebaki. Hakuna kipande. Njia za nati kwenye boliti ni nzima, safi. Ilizungushwa kwa vidole ikaachwa. Na nati zilizobaki ni za zamani, zimechoka, wakati mpya zilikuja ndani ya boksi la shokapu. Nilizikuta kabatini, hata karatasi haijafunguliwa!"

Anapolisimulia hili, anaigonga spana kwenye ubao.

Alimwendea bosi. Anayakumbuka maneno yake: "Wewe unalipwa kufunga magari au kufungua midomo?" Jioni hiyo mume wa mwalimu alikuja kuuliza, na bosi akaanza tena hadithi ya uendeshaji mbovu. Bi Kaza akamkatiza mbele za watu.

"Shemeji, mkeo hana kosa. Sisi ndio hatukukaza."

Kesho yake alikuta kisanduku chake cha spana nje ya geti.

Tangu hapo anafanya kazi uani kwa shangazi yake, mjane anayemkaripia kwa kumwagia oili kamba za nguo. Kutoka magari ishirini kwa wiki, sasa hupata matatu, manne akibahatika. Bosi wa zamani amesambaza maneno kwamba ni mchonganishi. Aliyeacha nati bila kukaza bado yuko kazini. Mwalimu anatembelea mkongojo, na anaambiwa ashukuru Mungu kwamba yuko hai.

"Ashukuru nini?" Bi Kaza anauliza kwa ukali. "Alilipa gari lifungwe. Halikufungwa. Amelala hospitali miezi miwili, na bado anatukanwa yeye!"

Mwalimu amefungua kesi, na shahidi wake mkuu ni Bi Kaza. Wiki iliyopita bosi alimtuma mtu na ujumbe mtamu: arudi kazini, awe msimamizi, mradi siku ya kesi augue kidogo.

Shangazi, aliyekuwa akianua nguo, ndiye aliyejibu kwanza. "Mwambie haugui. Nampikia mwenyewe."

Bi Kaza anacheka akikumbuka, kisha uso unarudi pale pale. Kesi inasikilizwa Jumatatu. Amekwisha kuomba gauni la kuazima na kumwambia mume wa mwalimu waende pamoja.

"Baada ya hapo nataka nipate kiwanja kidogo chenye shimo la kufanyia kazi, nifundishe wasichana wawili watatu ufundi," anasema. "Lakini Jumatatu kwanza. Hakimu akiniuliza nani alikosea, nitataja gereji niliyoitumikia miaka tisa, na nitamtazama bosi machoni nikiitaja."