Makaburi Tisa ya Got Oloo

Kwa zaidi ya miaka thelathini Nicanor Ouma aliendesha teksi mjini Migori, na katika miaka hiyo yote hakumfikisha abiria hata mmoja Got Oloo. Ukitaka Isebania, alikupeleka. Ukitaka Homa Bay, alikupeleka na hadithi juu. Lakini ukitaja ile misheni ya zamani kule chini, ambako barabara ya vumbi hupita kwenye miiba na mawe hadi karibu na ziwa, alikwambia gari lina shida ya stelingi. Wenzake wa steji walidhani anahurumia springi zake.

Kumbe kila alipoingia barabara ya vumbi, hata ile fupi ya kwenda kwake, alisikia vidole vikigonga ubavu wa gari. Ngo, ngo, ngo, chini ya dirisha la nyuma. Mkewe, Phelesia, alimwambia ni kokoto tu. Nicanor hakubisha. Ila kokoto hupiga chini ya gari, na hivi viligonga mlangoni, kwa kimo cha mtoto.

Mwezi wa pili mwaka jana, jua likiwa kali, akaja mama mmoja kutoka Kendu Bay. Aliitwa Truphena, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amebeba mkoba na jembe dogo lililofungwa gazeti. Madereva wawili walikuwa wamekwisha kumkataa.

"Muulize yule mzee," mmoja wao akamwambia. "Zamani alikuwa dereva wa misheni hiyohiyo."

Nicanor akafungua mdomo aseme habari ya stelingi. Mama akamtangulia.

"Jaduong', mzee wangu, hii ni mara ya tatu nakuja Migori. Mara mbili nimerudi bila kufika. Sitaweza mara ya nne."

Nicanor akamfungulia mlango wa mbele.

Walipoiacha lami, nchi ilikauka mbele yao. Mashimo ya wachimba dhahabu, mbuzi waliosimama kwenye kivuli cha mkonge, kisha hata mbuzi hawakuonekana. Vumbi lilifunika kioo cha nyuma. Kugonga kulianza mapema siku hiyo. Nicanor alimtazama mama kwa jicho la pembeni kuona kama anasikia, lakini alikuwa akiangalia barabara.

"Mtoto wangu yuko huko," Truphena akasema. "Mwaka wa kipindupindu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijitambui, kaka yangu akanichukua akanirudisha Kendu. Nilipoamka nikaambiwa wamekwisha kumzika. Alikuwa na miaka minne. Marion."

Nicanor akashika usukani kwa mikono miwili. Walipovuka mto mkavu alisema tu, "Jishikilie, kuna jiwe."

Kanisa lilikuwa bado limesimama, la mawe meusi, lililojengwa na mapadre Wazungu kabla ya vita kuu ya pili. Zahanati ilikuwa imebaki kuta. Aliyewapokea ni katekista Bichage, Mkuria aliyeletwa miaka ya karibuni kutunza mahali hapo. Akawapeleka nyuma ya kanisa, penye vilima tisa vidogo vya udongo na mawe, vimepangwa mstari mmoja.

"Misalaba ililiwa na mchwa kabla sijaja," akasema kwa upole. "Na kitabu cha mazishi hakipo. Pole sana, Mama. Hakuna anayejua nani ni nani. Sisi huwaombea wote pamoja."

Truphena akasimama na jembe lake mkononi, akiangalia kilima kimoja, kisha kingine. Hakulia. Alikuwa kama mtu aliyefika mlangoni akakuta nyumba tisa.

Nicanor angeweza kunyamaza. Angemrudisha mjini jioni hiyo na mambo yangeisha. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

"Mimi najua."

Akatembea hadi kilima cha nne kutoka ukutani.

"Marion ni huyu. Alifungwa leso ya manjano yenye michoro ya korosho. Ilikuwa yako, nadhani."

Truphena akapiga magoti palepale. "Ilikuwa yangu. Wewe umejuaje?"

"Niliwazika mimi, na Sista wa zahanati. Wengine waliogopa." Kisha akamwita mama wa Marion, kwa Kiluo. "Lakini kuna jambo lingine, Min Marion, na sijalisema kwa mtu. Dripu zilikuwa zimeisha. Sista alinituma Homa Bay nizilete. Nilizipata asubuhi na mapema. Nilipofika Uriri nikakuta mpira, timu ya kwetu inacheza. Nikasema nitazame dakika chache. Nilitazama wote. Huku nyuma mvua ikanyesha milimani, na nilipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa. Nilivuka kesho yake, na hawa tisa walikuwa wamekwisha kufa. Watu wote walinipa pole kwa sababu ya mto. Nami nikapokea."

Bichage akavua kofia, akasogea kando. Upepo ulipita kwenye madirisha ya zahanati.

Truphena alipapasa udongo wa kilima. Kisha akauliza, bila kumtazama:

"Walifungana ngapi?"

Nicanor alitamani kusema amesahau.

"Moja bila. Walishinda."

Mama akatikisa kichwa mara moja, akageuka, akaanza kung'oa magugu kwenye kilima cha nne. Nicanor alipoinama kumsaidia, akasema, "Hapana. Huyu niachie."

Mama hakurudi naye. Alimwomba Bichage amwitie pikipiki, akaondoka amekumbatia mkoba, vumbi likimfunika. Nicanor akarudi peke yake. Kugonga kulimfuata hadi kwenye lami, naye kwa mara ya kwanza hakufungua redio ili kufunika sauti hiyo. Alipunguza mwendo.

Juma lililofuata alikwenda tena Got Oloo kwa hiari yake, akamtajia Bichage majina yote tisa, kilima baada ya kilima, naye akayaandika. Bichage akayatangaza katika makanisa ya jirani. Jamaa wakaanza kuja, kutoka Rangwe, kutoka visiwani, mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka. Wengi walimtafuta Nicanor awapeleke. Nicanor alimweleza kila mmoja habari ya Uriri kabla ya kuwasha gari, ili achague kwenda naye au la. Wengine walishuka. Mzee mmoja alimpiga kofi, kisha akapanda.

Phelesia alimuuliza siku moja kwa nini anajitesa. Akajibu kwamba hajitesi, anaendesha gari.

Mwezi wa nane simu yake ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua, lakini sauti aliitambua. Truphena hakumsalimia.

"Aliye upande wa kulia wa Marion ni nani?"

"Ni Sammy," Nicanor akasema. "Mtoto wa mwalimu. Alikuwa na miaka mitano, mcheshi sana."

Truphena akalirudia jina hilo polepole.

"Sawa," akasema mama. "Nilitaka kujua amelala kando ya nani."