Mama Subiri na Sindano ya Karani

"Shangazi, ulijua kwamba sindano ile ingemuua Karani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu. Alikuwa amepiga magoti uani kwenye kituo cha mifugo, anapangusa matapishi ya mbwa wake kwenye saruji. Aliendelea kupangusa hata palipokuwa pameshatakata.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mchanjaji wa mbwa dhidi ya kichaa katika kituo hicho. Watu walimwita Mama Subiri, na si kwa mapenzi. Wachanjaji wengine humchoma mbwa, humpa mwenyewe kadi na kumwita anayefuata. Yeye hakuruhusu mtu aondoke. Mbwa wako akishachanjwa unakaa kwenye benchi nusu saa nzima, naye anapita akichungulia midomo na macho kama mwalimu anayekagua kucha.

"Leo jioni atakuwa mchovu, pengine atakataa chakula," alikuwa akiwaambia. "Pakiota kinundu hapo nilipomchoma, usipakande, kitaisha chenyewe. Ila mmoja katika wengi sana huvimba uso, akatapika, akapumua kwa shida. Huyo nataka animalizie vituko vyake hapa, si kwako."

Daktari wa kituo, bosi wake, hakuipenda hotuba hiyo. "Dada, unanifukuzia watu. Wewe choma, nyamaza."

"Nikinyamaza akavimbia nyumbani, watasema ana kichaa, watampiga mawe."

"Basi wampige. Sisi hatutakuwepo."

Karani alikuwa mbwa wake mweusi, sikio moja limechanika. Alipata jina hilo kwa sababu alizoea kulala chini ya meza ya chanjo na kumkodolea macho kila anayekuja, kama vile anaandika majina. Mwaka uliotangulia alichanjwa, uso ukamvimba mpaka macho yakapotea. Shangazi alimwokoa kwa sindano ya dharura, akaapa kwamba huyu hachomwi tena. Nyumbani sote tulilijua hilo.

Siku yenyewe ua ulijaa. Muuza nyama wa mtaani kwetu alileta mbwa wake mnene, akachanjiwa, akaketi akilalamika kwamba nzi wanamalizia nyama yake dukani. Mara mbwa akaanza kujikuna pua. Midomo ikavimba, akatapika, miguu ikamwishia nguvu. Shangazi akavunja kichupa cha dawa ya dharura, akamchoma pajani, akawa anamsemesha taratibu kama mtoto mwenye homa. Baada ya muda mbwa akainuka, akajikung'uta. Kichupa kilikuwa hicho kimoja tu. Daktari alikuwa hajaagiza vingine.

Nilidhani muuza nyama atashukuru.

"Mmeona?" aliwageukia watu. "Nimeleta mbwa mzima, kageuzwa puto. Huyu mama anauza ugonjwa, halafu anauza dawa."

"Si nilikwambia linaweza kutokea, kaka," shangazi alisema. "Na ametibiwa. Watazame hawa wengine wote, wana nini?"

"Basi mchome wa kwako."

Kicheko kikapita kwenye benchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja zamu akafungua kamba ya mbwa wake kwenye nguzo. "Kweli, Mama Subiri. Huyo wa chini ya meza mbona humgusi? Au ana mjomba serikalini?"

"Huyu ana mzio. Mwaka jana nusura afe."

"Aa, kumbe huwa wanakufa," alisema muuza nyama. "Ila wafe wa kwetu."

Watu wakaanza kusimama. Shangazi aliitazama foleni inavyokatika, kisha akamtazama daktari. Daktari alikuwa anasafisha miwani yake kwa shati.

"Mchome tu, dada," alisema. "Tumalize kelele."

Shangazi akamwita Karani. Alitoka akitikisa mkia, akainamisha shingo mwenyewe, kwa kuwa mikono ile aliizoea. Akamchoma. Kisha akaketi naye kwenye benchi kama alivyowaketisha wengine.

Sasa hakuna aliyetaka kuondoka. Nilistaajabu jinsi watu walivyopata subira ghafla. Walisogea, na baba mmoja akambeba mwanawe begani aone vizuri. Fizi za Karani zikawa nyeupe kabla hata uso haujavimba. Akatapika, akajinyea, akalala ubavu akitafuta hewa. Daktari alisema anakwenda ofisini kutafuta dawa, na hakutokea tena mpaka mbwa alipotulia kabisa.

"Haya," alisema muuza nyama, akivuta kamba ya mbwa wake aliyepona. "Tumeona."

Wakamfuata wote. Yule mwanamke wa kamba alimkanyaga Karani mkia akipita, akasema samahani, kisha akajicheka kwa kumwomba radhi mzoga.

Miezi michache baadaye kichaa cha mbwa kiliingia mtaani kweli. Watoto waliumwa, mmoja hakupona. Wakubwa wa mji walileta bunduki, na mbwa waliorudishwa nyumbani siku ile bila chanjo wakapigwa risasi barabarani, wakakusanywa kwa toroli la taka. Mbwa wa muuza nyama alikuwa na kadi, akaachwa. Mpaka leo akimwona shangazi humkimbilia na kujilaza miguuni pake, na mwenyewe humwita kwa mluzi arudi, bila hata salamu.

Kwetu habari hii husimuliwa kwa kumsifu: shangazi alimtoa mbwa wake ili mtaa upone. Baba huwasimulia wageni, tena kwa sauti.

Mwezi uliopita tulikuwa jikoni, mimi na shangazi tu, tunamenya viazi. Sasa niko kidato cha nne. Nikamuuliza tena kama alijua.

"Nilijua," alisema. "Na kichupa nilijua hakipo."

"Kwa hiyo ulifanya kwa ajili yao."

"Baba yako ndiye anapenda kusema hivyo." Alichukua kiazi kingine, akakigeuza. "Mwanangu, siku ile sikuwa nawafikiria wao hata kidogo. Nilitaka yule muuza nyama anyamaze. Nilitaka anyamaze kuliko nilivyotaka Karani aishi."