Dumu la Mawese na Mpira wa Dripu

Ukimkuta Veneranda wa Katubuka ukamsifia ile kazi yake ya manukato, atakukata jicho. Usimshangae. Ana sababu, tena inanuka.

Miaka sita alijitolea kwenye maabara ya chuo kimoja hapa Kigoma. Kazi ya ufundi anaifanya, ajira hana. Kila mwaka ni ahadi. Yeye ndiye aliyechukua mpira mwembamba wa dripu, akauzungusha kwenye chupa mara arobaini na kuuweka juani. Humo alipitisha, tone kwa tone, mafuta ya majani jamii ya mchaichai yaliyochanganywa na spiriti na ukijani wa kisamvu, pamoja na viputo vya hewa. Ukijani unadaka jua, jua linaichochea hewa, mafuta yanageuka kitu kingine. Akimalizia mezani kwa dawa zake, anapata kijiko kimoja chenye harufu ya waridi. Kijiko tu, lakini waridi kweli!

Siri ni wembamba wa mpira. Jua linapenya mpaka katikati, na kilichogeuka hakikai, kinasonga mbele kupisha kingine. Kikirundikana mahali pamoja kinaweza hata kulipuka.

Mwambie Oswald hayo! Huyu ndiye mkuu wa maabara, mtu wa tai na kitambi. Aliposikia wafadhili wanakuja Ijumaa, akakosa raha.

"Dada Veneranda, wageni watoke Dar mpaka huku tuwaonyeshe kampira? Aibu gani hii! Tumia dumu."

"Bosi, dumu halifai. Jua litaishia juu juu, na ni hatari."

"Unaitaka ajira au huitaki?"

Basi akaleta dumu jeupe la lita ishirini kutoka sokoni, lililobeba mawese. Hapa kwetu dumu gani halijabeba mawese? Na hata ulisugue kwa mchanga, harufu haitoki. Veneranda alikataa kulijaza, Oswald akamimina mwenyewe, akaliacha juani siku tatu. Juu likafanya utando wa rangi ya usaha, chini mbichi vilevile. Uvundo wake, yalaa! Veneranda alishika mdomo akakimbilia dirishani kutapika.

Ijumaa asubuhi akamkuta Oswald anamimina marashi ya dukani kwenye kichupa cha maabara, wala hana haya.

Kiongozi wa wageni, Mama Asnath, akapiga picha na dumu likiwa limefungwa kifuniko, akanusa kichupa, kisha akamsogezea Veneranda fomu. Ilitaka saini ya fundi aliyetengeneza. Bila saini hakuna mradi, na bila mradi hakuna ajira.

"Samahani, mama," Veneranda akasema. "Hayo ni ya dukani. Niliyotengeneza mimi ni haya." Akamnyooshea kichupa chake kidogo.

Mama Asnath hakukipokea. "Najua, mwanangu. Hata mimi nayapaka hayo. Weka saini, twende tukale migebuka."

Oswald akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Kumbe mama ambaye Veneranda alimtegemea amwumbue Oswald ni mwenzake Oswald! Akaifikiria miaka sita mingine ya kujitolea. Akaishika kalamu, akaandika jina lake lote, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Ajira alipata. Anasema kinyaa alichomwonea Oswald kilimwisha mwezi uleule. Kinyaa alichojionea mwenyewe anacho mpaka leo.