Murdoch Gillis Anataka Watu Walie

Saa mbili asubuhi, Glace Bay. Gari la Murdoch Gillis limekwama kwenye theluji mbele ya nyumba yake, magurudumu yanazunguka bure. Majirani wamesimama na mabeleshi mkononi, wanacheka.

Hapa Cape Breton, kisiwa cha Kanada, gari likikwama huombi msaada. Watu hutoka wenyewe, wakasukuma, wakarudi kwenye chai yao. Hata mliyenuniana naye mwaka mzima atakusukuma. Isipokuwa wewe ni Murdoch.

“Sema kwanza ile yako!” anapaza sauti Effie, mama wa nyumba ya pili. “Ukisema, tunasukuma.”

“Mama Effie, nachelewa. Siigizi, nimekwama kweli!”

“Mnamwona? Hata uso ni uleule!”

Kwa miaka kumi na mmoja Murdoch aliandika na kuigiza kichekesho cha televisheni kuhusu Dougal, dereva wa gari la kuondoa theluji ambaye hukwama yeye mwenyewe, akalia, “Mama, nitoe!” Kipindi kilikufa zamani. Dougal amekataa kuzikwa.

“Nilitunga wimbo wa fidla kwa ajili ya baba, mapafu yake yalikwisha mgodini,” anasema Murdoch. “Nikaupiga jikoni kwa shangazi, kila mgeni na wimbo wake kama kawaida yetu. Sijamaliza, shangazi ameshika mbavu kwa kicheko! Dada wa marehemu!”

Inaudhi hata kusikiliza.

Leo anakwenda Sydney, mji wa jirani, kujaribiwa mbele ya watazamaji, aigize baba aliyefiwa na mwanawe. Ni mchezo wake wa kwanza wa huzuni. Mwongozaji, Rhona Beaton, amemwambia wazi: wakicheka, nafasi anapewa mwingine.

“Mama, nitoe,” anasema hatimaye, meno yamekazana. Wanashangilia, wanasukuma, gari linatoka.

Sydney, anapoingia tu jukwaani, mstari wa mbele unaangua kicheko. Murdoch anakaa kitini, anatazama viatu vya mtoto alivyoshika, anangoja. Kicheko kinapungua, kinakatika. Mwanamke mmoja anatafuta leso.

“Umepata,” anasema Rhona baadaye. “Lakini onyesho la kwanza ni Glace Bay.”

Murdoch anashika kichwa. Anaporudi nyumbani, Effie ameshawakatia tiketi watu wa mtaa mzima.

“Sitaki tuzo,” anasema. “Nataka niwalize mara moja tu, nikiwa hai. Maana kwenye mazishi yangu, hawa nawajua, watacheka mpaka padri akasirike.”