Waya katika Tumbo la Ng'ombe wa Masunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mifugo wa Wilaya alinikabidhi kisu, buti za mpira na muhuri, akaniambia: "Kisu utafundishwa na wachinjaji. Muhuri nakufundisha mimi. Usigonge nyama ya mtu kwa kuwa ni ndugu yako, wala usiinyime muhuri kwa kuwa ni adui yako." Wilaya yetu ya Bariadi ilikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Mimi nilikuwa mkaguzi wa nyama, kazi ambayo ninyi vijana mnadhani ni kuzunguka mabucha na koti jeupe.

Haikuwa hivyo. Ng'ombe alikaguliwa kwanza akiwa hai: pua, macho, mwendo. Akishachinjwa, unapasua ini kutafuta minyoo bapa, unabonyeza mapafu, unakata tezi za shingoni kuona kama zina usaha. Nyama safi inagongwa wino wa zambarau. Mbovu inamwagiwa mafuta ya taa na kufukiwa, mwenyewe akikutazama na kukulaani. Nilianzia Malampaka, nikapelekwa Kiloleli, halafu Dutwa. Kote huko nilikuwa pia mzee wa kanisa, na hilo nilijivunia kuliko muhuri. Sikunywa, sikuhongeka, na niliwahi kufukia nyama ya mwanakwaya mwenzangu mchana kweupe. Nilidhani huo ndio Ukristo kazini, na kwamba kwangu umekamilika.

Sasa, huku kwetu anayepasua mnyama na kuyachungulia matumbo ni nani? Ni mfumu, yaani mganga, anayesoma ndani ya kuku nani kamroga nani. Kwa hiyo kila nilipoinamia ini, watu walijaa. "Unaona nini, baba?" Lo, liliniudhi swali hilo! Mimi, mzee wa kanisa, niulizwe mambo ya kipagani! Nikajiwekea utaratibu: wakiniuliza hivyo, nagonga muhuri au naandika kitabuni, mdomo nafunga.

Ndipo, nikiwa Dutwa, akaja Masunga, mfugaji wa kijiji cha jirani, na dume aliyekonda ghafla. Katika tumbo la pili, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, nikakuta waya umetoboa kuelekea moyoni. Ni jambo la kawaida, maana ng'ombe hachambui anachokula, humeza hata misumari. Masunga akauokota ule waya, akaugeuza geuza.

"Nani kaniwekea hiki?" akauliza.

Nikaandika, nikafuta kisu, nikapanda baiskeli kuwahi mazoezi ya kwaya. Sikusema neno.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulifumbwa, na kichwa kilichoponzwa kilikuwa cha mtu mwingine. Masunga alirudi kwake akasema, yule mkaguzi wa Dutwa ameliona jina la mchawi, ameogopa kulitaja. Wakalitaja wenyewe: Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mjane aliyepakana naye, mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya kupikia mavi makavu ya ng'ombe. Huku kwetu bibi wazee wamekatwa mapanga kwa macho kama hayo, na tunajua sote. Walimpa siku nne awe amehama.

Habari nilizipata siku ya tatu, kwa mama mmoja wa kanisani. Polisi waliniambia watakuja kesho kutwa. Nikakimbilia kwa bosi wangu, Afisa Mifugo wa Tarafa.

"Wewe ni wa nyama," akasema bila kuinua macho. "Watu wana wenyewe."

"Mzee, kosa ni langu. Niliulizwa, nikanyamaza."

"Basi nenda. Lakini koti la serikali liache hapa."

Nilikwenda bila koti. Mayu alikuwa anafunga masufuria yake kwenye kanga. "Mwadila, mayu," nikamsalimu, nikaeleza mimi ni nani, nikamwomba tusali pamoja.

"Siku ile uliulizwa," akasema. "Huyo Mungu wako alikukataza kujibu?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikamwomba afungue mzigo apike ugali. Alinitazama kama mwehu, kisha akapika. Nilibeba chakula mwenyewe hadi uani kwa Masunga, Mayu akinifuata, vijana wakiwa wamekaa pale na fimbo zao. Nikawaeleza habari za ule waya, tumbo kwa tumbo, mpaka koo likakauka. Halafu nikaketi chini na Mayu, tukala ugali na mlenda sahani moja. Chakula cha anayeitwa mchawi hakiguswi, na mimi nilikimaliza mbele yao. Masunga akainuka, akaomba maji. Akanawa, akaketi, akamega tonge.

"Basi, yaishe," akawaambia vijana. "Nendeni mkanyweshe ng'ombe."

Sasa nimestaafu. Ushuhuda huo nimeutoa makanisani tangu Bariadi hadi Maswa, watu wakipiga vigelegele, na kila mara naishia hapo Masunga anapomega tonge. Nikishuka madhabahuni sitaki kupewa mkono. Nyumbani nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, naenda hadi getini na kurudi. Mke wangu anasema kustaafu kumenishinda. Wala si kustaafu.

Mwezi mmoja baada ya siku ile nilitumwa Malampaka, nikamkuta Mayu kituo cha treni, ameketi juu ya mzigo wake. Alikuwa anamfuata binti yake Mwanza, anahama moja kwa moja. Nilishangaa, nikakasirika hata. Nikamwambia hakuna atakayemgusa tena, si nilikula mbele yao wote?

"Ulikula, mwanangu. Nakushukuru," akasema. "Lakini mimi nilikaa ubavuni kwako. Tonge la kwanza, mkono wako ulitetemeka. Nikasema moyoni, kama hata huyu ananiogopa, hapa sina mtu."