Nelda Pruitt Hagawi Watoto

Ijulikane kwa watu wote, walio macho na waliosinzia kwenye mabenchi ya nyuma ya Kanisa la Baptisti la Cedar Gap, Arkansas, kwamba Bwana wa Majeshi, baada ya kuwapima wafalme, majenerali na wenye digrii na kuwaona hawafai, alimteua Nelda Pruitt, mpishi wa shule ya msingi, mwenye magoti mabovu na pikapu isiyokubali kurudi nyuma, awe mama wa watoto watatu asiowazaa.

Hivyo ndivyo Ndugu Garland, mchungaji wetu, alivyolitangaza jambo lenyewe Jumapili moja, mikono juu, sauti ikimtetemeka. Mteule hakuwemo. Alikuwa ukumbi wa chini ya kanisa akigeuza kuku kwenye mafuta.

Mambo yalianza bila tarumbeta. Watoto wa Nelda mwenyewe walishakua wakahamia mjini, wakamwachia nyumba ndogo na mume mmoja, Dwight, fundi wa matrekta, ambaye huongea kama vile kila neno linakatwa kodi. Nelda akajiandikisha kulea watoto wa serikali kwa muda. Idara ya watoto ikampigia simu, kisha ikamletea ndugu watatu wa ukoo wa Brasher, kila mmoja na mali yake yote ndani ya mfuko wa taka. Jaylee, wa miaka kumi na minne, uso umefungwa kama duka siku ya Krismasi. Ryder, wa miaka saba, aliyeficha mikate ndani ya foronya mpaka panya wa mtaa mzima wakapashana habari. Na Mabry, wa miaka minne, nywele rangi ya asali, sura ya malaika, meno ya mbwa mwitu.

Kuhusu mikate, Nelda hakugomba. Alitoa vijiko vyote kwenye droo moja ya jikoni, akaijaza biskuti na siagi ya karanga, akamwambia Ryder, "Hii yako. Hakuna mwingine atakayeifungua. Ikiisha, niambie." Mtoto akaenda kuikagua kila baada ya dakika chache, kama mlinzi wa benki. Vijiko vikahamia kwenye kopo la rangi, na mpaka leo ukitaka kukoroga kahawa kwa akina Pruitt unachovya mkono kwenye kopo la rangi.

Mahakama ilipowaondolea wazazi wa Brasher haki ya watoto moja kwa moja, ikabaki kumpata wa kuwaasili. Bi Yarborough, afisa wa idara, akaja kukagua nyumba. Akapima joto la maji ya bombani. Akahakikisha bunduki za Dwight zimefungiwa. Akafungua friji na kuitazama kwa muda, nadhani kwa sababu za kibinafsi, maana kulikuwa na pai ya pichi.

"Mvulana hawezi kulala chumba kimoja na dada zake," akasema. "Na kusema kweli, Bi Nelda, umri wenu, na nafasi hii... Kuna familia nyingine imejitokeza. Wanamtaka Mabry."

"Na hawa wawili?"

"Wanamtaka Mabry."

"Wapo watatu," Nelda akasema.

"Najua, lakini tunaangalia maslahi ya kila mtoto..."

"Wapo watatu. Dwight!"

Dwight akachungulia kutoka nje.

"Hiyo baraza ya nyuma inaweza kuwa chumba?"

Dwight akaitazama baraza. "Inaweza," akasema, akaenda kutafuta misumari. Kwa Dwight hiyo ilikuwa hotuba.

Familia nyingine haikuwa siri. Ilikuwa ya Daktari Hollinger wa meno na mkewe Shelby, wanaokaa benchi la tatu mbele, wenye bwawa la kuogelea na mbwa anayeoshwa na mtu wa kulipwa. Mabry alishamng'ata yule daktari kidole mpaka damu, na bado walimtaka, kwa hiyo tusiseme hawakuwa na mapenzi. Shelby alikuwa amebeba mimba na kuzipoteza, na kanisa zima lilikuwa limempelekea vyakula vya kuoka na kujifanya halijui kwa nini. Sikumcheka kwa hilo wakati ule na simcheki sasa. Kwa mengine, nitaona.

Jaylee alisikia. Watoto wa aina yake husikia kupitia zege. Alimkuta Nelda akimenya viazi.

"Bi Nelda, waachie tu wamchukue Mabry."

"Kwa nini?"

"Wana bwawa. Atakuwa na chumba chake. Mimi na Ryder tumeshazoea."

"Mmezoea nini?"

Msichana akainua mabega. "Kuhamishwa."

Nelda akamsukumia kisu cha pili. "Menya. Na maganda yawe membamba, siwalishi nguruwe."

"Sheria inasema lazima mimi nikubali mbele ya jaji. Nikikataa je?"

"Basi utakataa, na utarudi kula hapa, kwa sababu viazi vyenyewe ndivyo hivi."

Sasa, ni lazima niseme kitu kuhusu Jumatano. Jumatano jioni kanisa letu hula pamoja, kisha watoto hupelekwa darasani na watu wazima huleta haja za maombi. Umbea ni dhambi kwetu. Haja ya maombi ni wajibu. Kwa hiyo mtu hasemi "Merle amerudia pombe." Anasema "Tumkumbuke Merle, Bwana anajua kwa nini," na wote wanajua pamoja na Bwana. Na iko kanuni isiyoandikwa popote: haja ikishatajwa haijadiliwi, haipingwi, inaombewa kwa sauti, na kila mtu anaitikia amina.

Jumatano hiyo tulishawaombea wenye mawe ya nyongo na wenye nyonga za chuma Shelby aliposimama, leso mkononi.

"Ninaomba mniombee," akasema. "Mungu ameniwekea mtoto moyoni. Sitamtaja jina. Ana miaka minne, na nywele zake..." Akashindwa kumalizia. Akina mama wakaanza kufuta machozi. Shingo zote zikamgeukia Nelda polepole, kama alizeti.

Utambishia nani? Mtu akikuambia anamtaka mtoto wako, unaweza kumfukuza uani kwa ufagio. Akikuambia Mungu ndiye aliyemwekea moyoni, ufagio unamgusa nani? Dwight alishika kofia yake kama usukani. Ndugu Garland akafumba macho tayari kuanza.

"Mimi nina haja," Nelda akasema.

Ndugu Garland akafumbua jicho moja. "Sema, Dada Nelda."

Nelda akasimama, mkono kwenye goti baya. "Naomba tumwombee Dada Shelby. Mungu amemwekea huyo mtoto moyoni, na mimi nani nibishe. Lakini ana kaka na dada. Naomba Mungu aliyemwekea mmoja amwekee na wale wawili, wote watatu wakae nyumba moja, yoyote ile, na asiyeweza watatu asipewe hata mmoja. Nikiwemo mimi." Akaketi.

Mtu mmoja nyuma akaangusha uma.

Ndugu Garland alitazama dari, ambayo haikumsaidia. Angefanya nini? Haja imetajwa. Akaomba, mtu maskini, huku jasho likimlowanisha kola: Bwana, watatu, nyumba moja, na asiyeweza, Bwana, asipewe. Kanisa lote likaitikia amina. Kwenye benchi la tatu amina ilichelewa kidogo, lakini ilifika, na sote tuliisikia, kwa sababu tulikuwa tumeacha kupumua ili tuisikie.

Kwenye maegesho, Dwight akiwa ameenda kuwatoa watoto darasani, Shelby alimfuata Nelda hadi kwenye pikapu.

"Umenifunga mdomo mbele za Mungu."

"Nimekuombea tu."

"Usinichezee, Nelda. Watatu siwezi. Yule msichana ananitazama kama nimemwibia kitu."

"Ulikuwa unaelekea huko."

Shelby akalia, safari hii bila leso. Nelda alisimama naye mpaka amalize, hakumshika, hakumwacha.

"Na wewe unaweza watatu?" Shelby akauliza.

"Nani kasema naweza?" Nelda akafungua mlango. "Sogea kidogo, mpenzi, niisukume kutoka mbele. Hairudi nyuma."

Wakaisukuma wote wawili, mke wa daktari akiwa na viatu vyake vya ngozi laini. Asubuhi Shelby alimpigia simu Bi Yarborough akaliondoa jina lao.

Siku ya mahakama nusu ya kanisa ilijaa kwenye viti, wamevaa fulana za zambarau zilizochapishwa na kamati ya akina mama. Ya Dwight ilikuwa ndogo, kitovu kikahudhuria. Shelby alikuja na keki, akakaa pembeni. Jaji akampa kila mtoto dubu wa kitambaa, kisha akamgeukia Jaylee.

"Unakubali kuasiliwa na Bwana na Bi Pruitt?"

Jaylee aliwatazama wadogo zake. Ryder alikuwa na biskuti mfukoni. Hakuwa ameificha, makombo yalionekana. Mabry alikuwa anamng'ata dubu.

"Tukikubali, hakuna mtu anaweza kuja kumchukua mmoja?"

"Hakuna."

"Hata mwenye bwawa?"

"Hata mwenye bwawa," jaji akasema.

"Basi ndiyo."

Nje kwenye ngazi Ndugu Garland hakuweza kujizuia. Akamvuta Nelda mbele ya fulana zote za zambarau, akapaza sauti. "Dada Nelda! Tushuhudie! Siku ile mwito ulipokujia, Bwana alikwambia nini?"

Nelda alikuwa anawahesabu watoto waingie kwenye pikapu.

"Hakuniambia kitu," akasema. "Aliyepiga simu ni Yarborough."